Mlete mlangoni: picha ya uso kwa kamera ndogo

Nina picha zaidi ya 30 za bibi yangu, zote nimezipiga kwa kamera moja ndogo ya dijitali, ile ya kutia mfukoni. Moja tu ndiyo inayomwonyesha bibi tunayemjua. Kwenye nyingine uso ni giza na nyuma yake ukuta wa chokaa unang'aa, au flashi imemmulika, paji la uso likametameta na macho yakatoka mekundu. Siku niliyopata ile moja, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele.

Tangu hapo kila ninayempiga picha namleta mlangoni. Akae ndani, hatua moja kutoka kizingitini, atazame nje, ila jua lenyewe lisimfikie. Mwanga wa hapo ni laini, unapita mashavuni taratibu. Wewe simama nje, pembeni kidogo, usimzibie. Ule mchele mweupe kwenye ungo ulirudisha mwanga juu hadi chini ya kidevu cha bibi na kwenye mikunjo ya macho. Nikikosa ungo, natandika shuka nyeupe magotini.

Flashi izime. Iko karibu mno na lenzi, kwa hiyo mwanga wake unaingia mbonini, unagonga damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye kamera. Ndio huo wekundu. Mimi naiwasha saa sita mchana tu, jua likiwa utosini na kofia imemfunika mtu macho, nami niko kama mita 2 kutoka kwake.

Sasa jambo linaloniuma. Watu wengi wameaminishwa kwamba mweusi hatoki vizuri kwenye picha. Si kweli hata kidogo. Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kutaka uwe wa wastani. Ikiona ukuta mweupe au kanzu imejaa mbele yake, inapunguza mwanga, na ngozi yetu ndiyo inayozama. Tafuta alama ya +/-, ndiyo ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, panda hadi +0.7 au +1, piga tena, halafu kagua ngozi. Ukuta ukipauka, uache upauke. Akiwa amevaa buibui na nyuma yake kuna giza, fanya kinyume: shuka kidogo chini ya sifuri, la sivyo uso utapauka.

Usimsogelee mtu mpaka pumzi zikutane, pua yake itakua kuliko ilivyo. Rudi nyuma mita 2, kisha vuta kwa zumu ya lenzi mpaka upate kichwa na mabega. Zumu ya dijitali usiiguse, inakata picha na kuikuza tu. Ukivuta, mtikisiko wa mkono nao unaongezeka, kwa hiyo egemea ukuta au bana viwiko mbavuni. Lenga jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, subiri alama ya kijani ikuambie kamera imeshalenga.

Kisha kaa hivyo hivyo, mzungumze. Bibi alikuwa amekwisha nisahau pale jirani alipopita na kumwamkia shikamoo. Akainua uso kutoka kwenye ungo kuitikia marahaba, konzi ya mchele bado i mkononi, na kidole changu kilikuwa kimeshika kitufe nusu.