Jibu: kwotabeki chipukizi na 60% ya pasi kwenye mechi za maandalizi

Mkuu umeuliza kama kwotabeki dogo (yule mrusha pasi wa timu) akikamilisha 60% ya pasi zake, yaani zikadakwa na wenzake, kwenye mechi za maandalizi za NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ndo tuamini ana shabaha. Mi naona hiyo asilimia inadanganya, maana pasi fupifupi za pembeni karibu kila mtu anazipiga, afu mabeki anaokutana nao mwezi wa 8 wengi ni wa akiba na makocha wanaficha mbinu. We angalia mpira unatua wapi, mpokeaji anaudaka huku anakimbia au inabidi asimame kuusubiri? Na akibanwa miguu inatulia au anarusha tu bora liende? Kwotabeki Josh Allen wa Buffalo Bills msimu wa 2018 alimaliza na 52.8% akachekwa sana, 2020 akafika 69.2%, ila wa hivyo wachache bana.