Maswali ya Wasomaji: Mabinti wa Ayubu na Upinde wa Mvua

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anaishi na familia yake katika jimbo la Nebraska, Marekani. Binti yake mwenye umri wa miaka 12 amealikwa na rafiki yake wa shule kujiunga na chama kiitwacho Mabinti wa Ayubu. Kaka anadai kuwa ni chama cha kawaida cha wasichana, lakini mama yetu aliposikia kwamba kina uhusiano na Frimasoni hakupata usingizi. Naomba mtueleze kilitoka wapi na kinafanya nini.
Shangazi, Tanga

JIBU: Dada yetu, kaka yako anaishi katika jimbo lilelile chama hicho kilikozaliwa. Mabinti wa Ayubu kilianzishwa Omaha, mji mkubwa kuliko yote ya Nebraska, tarehe 20 Oktoba 1920. Mwanzilishi wake alikuwa Bi. Ethel T. Wead Mick, akisaidiwa na mumewe, Dakta William H. Mick, pamoja na Wafrimasoni kadhaa. Miezi miwili kabla ya hapo katiba ya Marekani ilikuwa imerekebishwa ili mwanamke asinyimwe kura kwa sababu ya jinsia yake. Mwaka uliotangulia wavulana walikuwa wamepata chama chao, DeMolay, kilichoanzia Kansas City. Loji za Frimasoni, yaani matawi yake, zilikuwa za wanaume. Wake zao na jamaa zao wa kike walikuwa na chama cha Nyota ya Mashariki tangu karne ya 19. Binti aliyekuwa bado nyumbani kwa baba yake ndiye aliyekuwa hana pa kuingilia.

Jina la chama lina kisa chake. Bi. Mick alikianzisha kwa kumkumbuka mama yake, Elizabeth Wead, aliyekuwa akimlea kwa mafundisho ya Kitabu cha Ayubu. Sura ya 42 ya kitabu hicho inasimulia kwamba Ayubu, baada ya mateso yake yote, alipata tena wana saba na binti watatu. Majina ya wale wana saba hayakutajwa hata moja, ila ya mabinti yametajwa yote: Yemima, Kezia na Keren-hapuki. Tena inaelezwa kuwa baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, jambo lisilo la kawaida, kwa maana sheria ya Musa ilimpa binti urithi pale tu baba alipokufa bila kuacha mwana. Msomaji yeyote aliyewahi kuhudhuria kikao cha ukoo cha kugawa shamba atatambua mara moja kwa nini mwanamke wa mwaka 1920 aliuchagua mstari huo.

Tawi la chama huitwa Betheli. Wasichana, ambao siku hizi huwa na umri wa kati ya miaka 10 na 20, huongoza mikutano wenyewe. Wanamchagua mmoja wao kuwa Malkia, naye kwa kawaida hushika wadhifa huo kwa miezi sita, akisaidiwa na wenzake wawili wenye cheo cha binti mfalme. Katika sherehe ya kumpokea mwanachama mpya, wasichana watano wanaoitwa wajumbe husimulia kwa zamu safari ya Ayubu kutoka utajiri hadi majivuni na kurudi. Wote huvaa kanzu nyeupe za namna moja, zilizofungwa kamba, ili binti wa tajiri na wa maskini wasitofautiane kwa mavazi. Kazi ya hisani wanayojulikana nayo zaidi ni mfuko wa kuwanunulia vifaa vya kusikilizia watoto wenye matatizo ya masikio. Mbali na Marekani, chama hicho kina matawi pia Kanada, Australia, Brazili na Ufilipino.

Sasa tuje kwenye hofu ya mama, ambayo hatuidharau. Ni kweli kwamba chama ni cha ukoo wa Kifrimasoni. Kwa miongo mingi msichana hakuweza kuingia bila kuwa na jamaa Mfrimasoni, na ingawa sasa asiye na jamaa huyo aweza kuingia kwa kudhaminiwa, uhusiano wenyewe haujakatwa. Lakini zile hadithi za kafara na utajiri wa ghafla zinazozagaa mitaani kwetu hazina mahali hapa. Wazazi wa wasichana huruhusiwa kukaa mkutanoni, na kila Betheli ina baraza la watu wazima linaloisimamia. Hata nembo yao, ya wasichana watatu waliobeba njiwa, chetezo na pembe ya neema, si siri: sonara mmoja aliitengeneza na kuiuza bila idhini, chama kikamshtaki, na mwaka 1980 mahakama ya rufani ikampa ushindi sonara. Siri inayouzwa dukani kama pete ni siri ya namna gani?

Suala la dini ni jingine, nalo ni zito zaidi. Chama kinadai imani katika Mungu bila kutaja dhehebu. Kanisa Katoliki, kwa tamko la Novemba 1983, lilikariri kwamba muumini wake haruhusiwi kujiunga na vyama vya Kifrimasoni. Ikiwa familia yenu ni ya Kikatoliki, kaka azungumze na paroko kabla binti hajapima kanzu.

SWALI: Nilisoma mahali kwamba chama kingine cha namna hiyo, kiitwacho Upinde wa Mvua, kiliwakataa wasichana weusi. Ni kweli, au ni uzushi?
Mwanafunzi wa historia, Nairobi

JIBU: Ni kweli. Chama cha Upinde wa Mvua kilianzishwa mwaka 1922 na Mchungaji W. Mark Sexson katika mji wa McAlester, jimbo la Oklahoma. Wasichana 171 walipokelewa kwa pamoja katika sherehe ya kwanza tarehe 6 Aprili. Jina lilitokana na agano la Mungu na Nuhu, na kila rangi katika zile saba ilipewa fundisho lake: nyekundu upendo, kijani uzima wa milele, bluu uaminifu, na kadhalika hadi zambarau, ambayo ni utumishi.

Ubaguzi haukuandikwa katika kanuni, na ndiyo sababu ulidumu. Msichana alihitaji kupendekezwa na Wafrimasoni au na wanawake wa Nyota ya Mashariki, na loji zilizotambuliwa zilikuwa za wazungu. Weusi walikuwa na loji zao tangu enzi za Prince Hall, mtu mweusi aliyeingizwa katika Frimasoni huko Boston mwaka 1775 na loji ya askari wa jeshi la Uingereza, kisha akapewa hati kutoka London mwaka 1784. Lakini kwa takriban karne mbili loji za wazungu kwa jumla zilikataa kuzitambua. Kwa hiyo anayependekeza alipokuwa mzungu, aliyependekezwa naye alikuwa mzungu, wala hapakuhitajika kipengele cha kumkataza mwingine.

Mambo yalifichuka mwaka 1976, pale tawi la Indianola, mji mdogo wa jimbo la Iowa, lilipomkubali msichana wa miaka 12 mwenye asili ya Kiafrika. Uongozi wa juu haukuliadhibu tawi hilo peke yake, bali ulitangaza kuyafuta matawi yote ya Iowa, zaidi ya 100, yenye maelfu ya wasichana ambao wengi wao hawakuwahi hata kumwona mtoto huyo. Habari ikaenea katika magazeti ya nchi nzima, na haikuhitaji mwandishi hodari kuona kichekesho cha chama chenye rangi saba kinachoshindwa kuvumilia ya nane. Amri hiyo ilitenguliwa baadaye kwa kura, lakini kumbuka mpangilio wa mambo: wasichana wa Indianola walikuwa wamekwisha kumpokea mwenzao kabla wakubwa hawajaulizwa.