Wekundu usoni siku ya harusi

Mdogo wangu, umeuliza kama wekundu wa vipodozi midomoni, machoni na mashavuni kwa pamoja utakuharibia sura kwenye harusi ya dada yako, maana ngozi yako ni nyeusi tii. Hautakuharibia, ila chagua sehemu moja iwe bibi harusi, nyingine ziwe wapambe.

Mimi ningechagua midomo. Rangi ya damu ya mzee inakaa vizuri mno kwenye ngozi zetu. Chora ukingo kwa penseli ya kahawia, paka, bana midomo kwenye tishu, paka tena.

Macho ndiyo yenye kazi. Wekundu ukigusa ukingo wa kope, utaonekana kama uliyelia usiku kucha. Piga wanja kwanza, kisha wekundu uanzie juu yake na ufifie kuelekea kwenye nyusi. Mashavuni, kidogo tu kwenye ncha ya kidole.

Tafadhali usipake lipstiki machoni. Baadhi ya rangi nyekundu za midomo hazifai karibu na macho. Rangi zote utakazopaka usoni zijaribu kwanza kwa ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Jicho likivimba au likiuma, lioshe kwa maji safi mengi, umwone daktari wa macho.