Anti wa Jukwaani: Nataka kuigiza ubaguzi ulionipata, peke yangu

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni binti wa Tandika, nilienda India kusoma digrii nikarudi mwaka juzi. Kule nimebaguliwa Anti, kwenye basi siti ya pembeni yangu inabaki wazi na watu wamesimama, chumba cha kupanga mnaongea vizuri kwenye simu ukifika mwenye nyumba akikuona tu anasema kimeshachukuliwa, njiani watoto wanakuita kalu, yaani mweusi kwa kejeli. Nataka nifanye igizo la mtu mmoja, mimi mwenyewe, kama dakika 40 hivi. Mama anasema yameshapita niachane nayo. Rafiki zangu wanasema Dar watu wanataka komedi. Halafu hapa mjini tuna Wahindi tunaishi nao, sitaki waone nawashambulia. Na hivi mtu mmoja kwenye stej ni tamthilia kweli au ni hotuba?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hayo sio mambo madogo. Ngoja nianze na swali lako la mwisho maana ndo limebeba mengine yote. Mtu mmoja ni tamthilia kabisa, tena sisi tunayo toka zamani, bibi akikaa na wajukuu usiku anakuwa sungura, anakuwa fisi, anakuwa mzee wa kijiji, sauti inabadilika na mabega yanabadilika na wajukuu wanaitikia. Ebrahim Hussein, mwandishi wetu wa tamthilia, aliichukua sanaa hiyo ya msimulizi akaandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zikatoka 1976, zitafute uzisome.

Hotuba inakuja pale unaposimama ukasema walinibagua, nimeumia. Watu watakuonea huruma dakika tano basi. Tamthilia ni pale unapokuwa yule mwenye nyumba. Kuwa yeye, anavyofungua mlango, anavyotabasamu kabla hajakuona vizuri, mkono ulivyobaki kwenye komeo, ile sauti tamu ya kwenye simu ilienda wapi. Labda anaogopa majirani watasema nini, mpe hiyo hofu yake aiseme. Ila nakuomba sana, usimkebehi lafudhi. Ukimfanya kikaragosi ukumbi utacheka vile Mhindi anavyoongea na hapo utakuwa umefanya kile kile ulichofanyiwa. Ukimwigiza kama mtu kamili, yule Mhindi wa Kisutu aliyekaa siti ya tatu hataona unamshambulia, ataona mtu anayemjua.

Kuna mama mmoja mwigizaji, Mmarekani mweusi, Anna Deavere Smith. Mwaka 1991 kulitokea fujo Crown Heights, mtaa wa Brooklyn kule New York, kati ya weusi na Wayahudi, baada ya gari la msafara wa kiongozi wa dini wa Kiyahudi kumgonga mtoto mweusi akafa, na baadaye mwanafunzi mmoja wa Kiyahudi akachomwa kisu akafa pia. Huyu mama alienda akakaa na watu wa pande zote mbili akawarekodi, halafu akapanda stejini peke yake akawa watu zaidi ya 20, kwa maneno yao wenyewe hadi kigugumizi. Hakusema nani mbaya. Na wewe watafute wenzako mliosoma nao, na huyo rafiki wa Kihindi kama ulikuwa naye, waongee, uwasikilize kabla hujaandika skripti.

Lakini simulia ya kwako. Najua wote mnalikumbuka lile la Bengaluru 2016, binti wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu kwa sababu Msudani alikuwa amemgonga mama mmoja na gari akafa, binti wa watu hata kwenye hilo gari hakuwemo. Inauma mno, ila ni ya yule binti. Itaje, usiivae.

Halafu rudi nyumbani. Hapa Dar Mwingereza aligawa mji kwa rangi, Wazungu huko upande wa bahari, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kutenganisha. Uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Sisi ni wajukuu wa mpangilio huo. Sasa jiulize, kabla hujapanda ndege, mtaani kwenu Tandika Mhindi akipita mlikuwa mnamwitaje? Liweke hilo jina kwenye igizo, ulitamke wewe mwenyewe ukiwa mtoto. Mi naamini hapo ndo igizo lako litasimama, bila hapo litakuwa malalamiko.

Mama usibishane naye. Kaa naye jikoni umsomee kipande, inawezekana anaumia kuliko wewe maana yeye ndo alikutuma huko. Kama hataki aonekane ndani, mtoe.

Kwa kuanzia ulizia Nafasi Art Space pale Mikocheni, au wanafunzi wa sanaa za maonyesho Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, upate watu wachache wa kukuangalia ukifanya na kiti kimoja bila taa bila spika.

SWALI: Anti, niliangalia igizo la dada mmoja kuhusu ubaguzi, kila akifika penye maumivu watu wanacheka. Nikakereka nikatoka katikati. Nilikosea? Kaka wa Sinza.

JIBU: Ungebaki mwanangu. Wengi hapa wanacheka wakibanwa, tumelelewa na utani hata msibani, kwa hiyo kicheko sio lazima kiwe dharau, japo wapo wa dharau pia siwatetei. Mwigizaji aliyekomaa akisikia hivyo haongezi sauti, ananyamaza anawaangalia mpaka wenyewe wanaona aibu, halafu ndo anaendelea. Hicho ulikikosa kwa kutoka. Akirudia onyesho nenda, na likiisha mfuate umuulize yeye mwenyewe kile kicheko alikipokeaje.