Mzee wa miaka 62 anapata nini serikalini?

Ndugu, pole na hekaheka za mzee. Umeuliza kama baba yako wa miaka 62 ana haki yoyote. Hapa Tanzania mzee ni kuanzia 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inampa matibabu bure asiyejiweza. Neno "asiyejiweza" ndilo linalowakwamisha wengi dirishani! Kwa hiyo anzeni serikali ya mtaa, mpate barua, kisha ustawi wa jamii. Kitambulisho cha NIDA msikisahau.

Kama aliwahi kuajiriwa, ulizeni michango yake NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Ikipungua, hulipwa mkupuo. Ile pensheni jamii mnayoisikia, ya wazee hata wasiowahi kuajiriwa, ni ya Zanzibar, tena kuanzia miaka 70.