"Presha ya mawazo" nayo ni presha

SWALI: Daktari, nina miaka 43, ni mhasibu. Tangu nihamishiwe Mwanza sina ndugu wala rafiki hapa, na mkuu wangu wa kazi ananifokea kila siku. Nimepimwa presha siku tatu tofauti, haishuki chini ya 150/95. Nilipewa vidonge nikaviacha, maana najua ni presha ya mawazo tu. Jirani ameniletea dawa ya asili ya siku 21. Niendelee nayo?

JIBU: Hapana, dada yangu. Rudi kliniki wiki hii.

Hilo neno "presha ya mawazo" nalisikia karibu kila siku, na kusema kweli limenichosha. Watu wamejitengenezea presha mbili: ile yenyewe, inayotaka dawa, na ya mawazo, ambayo eti itaondoka bosi akihamishwa. Ukifokewa, mwili humwaga adrenalini na kortiso, moyo ukaenda mbio, mishipa ikabana. Ya siku moja hushuka. Ya kila siku, ukiongeza usingizi mbovu na chumvi, huchangia presha kukaa juu, na figo zako huumia vilevile, chanzo kiwe bosi au urithi.

Sikatai kwamba kazi inakuumiza. Waingereza walianza kuwafuatilia watumishi wao wa serikali mwaka 1967, na waliokufa zaidi kwa moyo hawakuwa wakubwa wenye mzigo wa maamuzi, walikuwa wa ngazi za chini. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ukahusisha ugonjwa wa moyo na kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe. Upweke nao si jambo dogo: mwaka 2010 tafiti 148 zilijumlishwa, ikaonekana wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa asilimia 50. Kwa hiyo jiunge na kikoba, au kwaya. Ila kwaya haimezwi badala ya kidonge.

Wauza "siku 21" wanajua presha haiumi. Unakunywa, hujisikii vibaya, unatoa ushuhuda. Wateja wao nawapokea baadaye, mdomo umepinda, mkono hauinuki. Na wengine mnaotuliza kichwa cha stresi kwa diklofenaki kila jioni, hiyo nayo hupandisha presha. Kidonge kikikukohoza au kukuvimbisha miguu, sema ubadilishiwe. Mawazo yakipungua tutapunguza dozi, kwa kipimo.

Ukienda, beba na hiyo chupa ya jirani. Daktari aone lebo yake, kama ipo.