Swali la Msomaji: Kwa nini wakurugenzi wanatuma wasaidizi kwenye kikao chetu?

SWALI: Mimi ni katibu wa kundi la wakurugenzi watendaji wa kampuni za hapa Dar es Salaam, ambao hukutana kwa chakula cha jioni kila baada ya miezi mitatu. Tulianza tukiwa 12 na sasa orodha yetu ina majina 38. Kila kikao huwa na mgeni mzungumzaji na mdhamini. Tatizo letu ni kwamba wakurugenzi wenyewe hawaji tena: wanatuma mameneja wa masoko, na wachache wanaofika huaga mara tu chakula kinapokwisha. Mwenyekiti anashauri tutafute wazungumzaji wakubwa zaidi. Zaidi ya hapo, mjumbe mmoja ametuuliza, baada ya kushauriwa na mwanasheria wake, kama ni halali kwa washindani wa biashara moja kukaa meza moja namna hii, na mwingine anapendekeza tufuate Kanuni ya Chatham House. Naomba ushauri wa kitaalamu.

JIBU: Ndugu Katibu, nianze na pendekezo la mwenyekiti wako, kwa sababu ndilo litakalowagharimu fedha nyingi bila kuwarudishia mtu hata mmoja. Mkurugenzi mtendaji hana njaa ya hotuba. Hotuba anazipata kwenye makongamano, kwenye simu yake, na kwenye hafla anazolazimika kuhudhuria kwa sababu ya cheo chake. Kitu asichokipata kwa urahisi ni watu wa ngazi yake ambao anaweza kuwaambia, bila kuhofia kwamba habari itatoka, kuwa benki imekataa kumwongezea mkopo, au kwamba mkuu wake wa fedha ameacha kazi ghafla na hajui amwambie nini mwenyekiti wa bodi. Mambo hayo hawezi kuwaeleza walio chini yake, na bodi hataki kuieleza kabla hajapata la kusema. Kikao kinachompa nafasi hiyo atakihudhuria hata siku ya mvua na foleni. Kisichompa atamtuma meneja wa masoko, na kwa kweli atakuwa amefanya uamuzi wa busara.

Naomba tufanye hesabu kidogo. Mlipokuwa 12, watu wawili wawili wanaoweza kujuana ndani ya kundi walikuwa jozi 66. Leo mkiwa 38, jozi hizo ni 703, na kwa vikao vinne kwa mwaka hakuna anayeweza kujenga kuaminiana na idadi hiyo ya watu. Hesabu ya muda ni mbaya zaidi. Tuseme kikao kinachukua saa tatu. Ukiondoa muda wa kuwasubiri wanaochelewa, utambulisho, chakula, dakika 45 za mgeni na dakika 15 za mdhamini, hubaki pengine nusu saa ya majadiliano, ambayo ikigawanywa kwa watu 38 haimpi kila mmoja hata dakika moja. Na sijahesabu salamu za itifaki, ambazo kwetu hata mtu aliyetangulia akisema kwamba itifaki imezingatiwa, anayefuata huona ni lazima aizingatie upya.

Wenzetu waliofanya kazi hii kwa miaka mingi waliliona jambo hili mapema. Shirika la YPO (Young Presidents' Organization), la wakuu wa kampuni, lililoanzishwa na Ray Hickok mwaka 1950 katika jimbo la New York, lina maelfu ya wanachama duniani, lakini moyo wake ni vikundi vidogo vya watu wapatao 8 hadi 10 wanaokutana mara kwa mara wakiwa wale wale. Vistage, taasisi nyingine ya vikundi vya wakuu wa kampuni, iliyoanza mwaka 1957 mjini Milwaukee, Marekani, chini ya Robert Nourse, huweka watu kati ya 12 na 16 pamoja na mwendeshaji wa mazungumzo anayelipwa, na haichanganyi washindani katika kikundi kimoja. Kwa uzoefu wangu wa kuendesha vikao, kikomo kipo pale ambapo meza moja haiwezi tena kubeba mazungumzo mamoja: wakizidi watu 12 hivi, upande mmoja huanza kuzungumza ya kwake, na aliyekuwa na jambo zito huamua kulinyamazia.

Ushauri wangu, kwa hiyo, ni kuligawa kundi lenu katika meza tatu za watu 12 au 13, kila meza ikiwa na wajumbe wa kudumu, na kuacha mkutano wa wote uwe mmoja au miwili kwa mwaka. Mkutano huo mkubwa unaweza kubaki na mgeni na mdhamini wake. Hapo hawana ubaya. Wiki baada ya bajeti ya Serikali kusomwa mwezi Juni ni wakati mzuri wa kuuweka, kwa kuwa kila kampuni ina hoja juu ya kodi mpya na wataalamu wa kuzifafanua wapo tayari. Ila meza ndogo zisiwe na mdhamini kabisa. Gharama zake ni chumba na chai, na ada ya wajumbe inatosha. Niliwahi kuendesha kikao kimoja ambacho mdhamini alitaka maafisa wake wawili wa mauzo wakae ndani “kusikiliza tu”, nami nikakubali kwa kuwa ndiye aliyelipa ukumbi. Jioni nzima tulizungumzia hali ya hewa na mpira. Kosa lilikuwa langu, na sijalirudia.

Kuhusu wasaidizi, lazima iandikwe kwenye kanuni zenu kwamba kiti ni cha mtu na si cha kampuni. Asiyeweza kuja anabaki na kiti kitupu, na anayekosa vikao vitatu mfululizo anaombwa ampishe mwingine. Kanuni hii huonekana kavu, hasa kwa mjumbe ambaye ni mzee wetu na kampuni yake ni kubwa, na wengi hujaribu kumwekea ubaguzi. Msimwekee. Siku mkimruhusu meneja mmoja kukaa mezani kwa niaba ya bosi wake, wakurugenzi wengine waliopo hawatasema tena chochote ambacho hawangependa kisimuliwe ofisini kwake kesho yake, na meneja huyo hana kosa lolote. Sambamba na hilo, angalieni saa. Kwa Dar es Salaam napendelea saa 1 hadi saa 3 asubuhi kuliko jioni: anayetoka nyumbani mapema huitangulia foleni, na hakuna dharura ya ofisini iliyokwisha kumkamata.

Ndani ya saa hizo mbili, acheni mada ya jumla na mchukue tatizo moja la mjumbe mmoja. Mjumbe huyo, aliyekwisha kuzungumza na mwendeshaji siku chache kabla, analieleza kwa dakika 10 bila kukatizwa. Kisha kwa dakika 20 wenzake wanauliza maswali ya kuelewa tu, na hapa mwendeshaji anahitaji ujasiri, kwa sababu watu waliozoea kutoa amri huficha ushauri ndani ya swali: “Hujaona kwamba ungemfukuza mapema?” Hilo si swali. Baada ya maswali, kila mmoja anaeleza lililompata yeye mwenyewe katika hali inayofanana. Vikundi vya YPO vina desturi ya kuwataka wajumbe wazungumze kutokana na yaliyowapata badala ya kutoa ushauri, na kwetu naiona ina faida ya ziada, kwa sababu mwenye umri mdogo mezani hawezi kwa adabu kumwambia mkubwa wake afanye nini, lakini anaweza bila kumvunjia heshima kusema, “Mimi yalinikuta hivi, nikafanya hivi, na matokeo yalikuwa haya.” Dakika za mwisho ni za mwenye tatizo kusema hatua atakayoichukua, na kikao kijacho kinafunguliwa kwa yeye kueleza ilikwendaje. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayowarudisha watu: hakuna anayetaka kukosa mwisho wa kisa alichokisikia mwanzo wake.

Sasa Kanuni ya Chatham House. Jina lake linatokana na jengo la Taasisi ya Kifalme ya Masuala ya Kimataifa lililopo St James's Square mjini London, ambako kanuni hiyo ilitungwa mwaka 1927 na kurekebishwa mwaka 1992 na 2002. Ni kanuni moja tu, na maana yake ni kwamba waliohudhuria wako huru kuzitumia habari walizozipata, ila hawaruhusiwi kufichua nani alizisema, wala anatoka taasisi gani, wala nani mwingine alikuwepo. Wengi huitaja wakidhani inafunga midomo, kumbe imekusudiwa kufungua habari zitoke na kuficha majina pekee. Kwa mkutano wenu mkubwa inafaa kabisa. Kwa meza ya watu 12 haitoshi, na nitakueleza kwa nini. Katika mji ambao kiwanda cha aina fulani ni kimoja au viwili, ukisema “mkurugenzi mmoja wa kiwanda hicho ameniambia anapunguza wafanyakazi”, umekwisha kumtaja jina. Hata ukiiondoa sekta, msikilizaji makini atabahatisha kwa kuijua tarehe na meza yenu. Meza ndogo inahitaji ahadi nzito zaidi: kilichosemwa hakitoki, hakisimuliwi kwa mwenzi nyumbani, wala hakijadiliwi na mwenye nacho nje ya kikao isipokuwa yeye mwenyewe akianza. Ahadi hiyo iwe ya maandishi, isainiwe na kila mmoja, na adhabu ya kuivunja iwe moja tu, kuondoka. Simu zibaki nje ya chumba, na kundi lenu la WhatsApp litumike kwa tarehe na mahali pekee.

Ahadi ya siri, hata hivyo, haina nguvu mbele ya sheria, na hapa naingia kwenye swali la mjumbe wako mwenye mwanasheria. Kukutana si kosa. Tunalo hata Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa mwaka 2001, ambalo Rais ndiye mwenyekiti wake na wajumbe wake 40 hutoka nusu serikalini na nusu sekta binafsi, na humo washindani hukaa pamoja hadharani. Tofauti ni kwamba mazungumzo ya namna hiyo yanaelekezwa kwenye sera, kwa ajenda inayojulikana. Kinachokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hasa kifungu cha 9, ni makubaliano kati ya washindani ya kupanga bei, kumsusia mtu kwa pamoja, au kula njama katika zabuni. Na makubaliano hayo si lazima yaandikwe. Maneno mawili mezani yanatosha. Faini huhesabiwa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka, na inaweza kufika asilimia 10. Jirani zetu wa Kenya walipata mfano wa karibuni mwezi Agosti 2023, pale Mamlaka ya Ushindani ilipozitoza kampuni 9 za chuma zaidi ya shilingi za Kenya milioni 338 kwa kuratibu bei.

Njia rahisi ya kujikinga ni kutowaweka washindani meza moja, na hii ni sababu ya pili ya kuligawa kundi lenu. Katika mkutano mkubwa ambao hamwezi kuwatenganisha, ajenda itumwe mapema, mwanasheria aipitie, na kumbukumbu ziandike mada zilizojadiliwa bila kuandika nani alisema nini. Bei za mbele, gharama, punguzo, wateja mmoja mmoja, mishahara na zabuni zinazokuja visizungumzwe. Mtu akianza, mwendeshaji amkatize papo hapo. Akiendelea, aliyebaki kimya asijidanganye kwamba ukimya wake ni kinga, kwa kuwa mamlaka za ushindani katika nchi nyingi huweza kuuhesabu kuwa ni kuridhia. Na apinge kwa sauti, aondoke, na kuondoka kwake kuandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na saa. Kama baadhi ya kampuni zenu zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ongezeni tahadhari moja: taarifa ambayo soko halijaijua na inayoweza kusogeza bei ya hisa hailetwi mezani hata kwa ahadi ya siri, kwani kila aliyeisikia atakuwa amefungwa mikono asiweze kununua wala kuuza.

Limebaki suala la nani aanze. Meza mpya ikikaa mara ya kwanza, hakuna atakayetoa tatizo la kweli. Watatoa matatizo yaliyopigwa pasi, yenye majibu tayari, kila mmoja akimpima mwenzake. Mwendeshaji hawezi kuvunja hali hiyo kwa maneno. Mwenyekiti wako, ambaye sasa anatafuta mzungumzaji mkubwa, ndiye anayefaa. Mwombe kwa faragha, wiki mbili kabla, alete yeye mwenyewe jambo linalomkosesha usingizi katika kampuni yake, alieleze kwa dakika 10 zile, na akae kimya wenzake wanapouliza. Akikubali, mtajua kama meza ya kwanza itafaulu kabla chai haijapoa. Akikataa, anza na meza ambayo yeye hayumo.